Kuzuia uvujaji wa gesi kwenye vituo vya kujazia haidrojeni: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ni yale yanayorudiwa na wajenzi wa vituo, mafundi wanaovitunza, wahudumu wa pampu na madereva. Yanaanzia mambo ya msingi na kuishia kwenye hali zisizotokea kila siku. Jibu likigusa jambo lililokwisha kuelezwa, utapewa namba ya swali. Pale kitabu cha mtengenezaji wa mtambo wako au kanuni za nchi yako zinaposema tofauti na yaliyomo humu, fuata hizo.

## Misingi

1. Ni kweli haidrojeni huvuja kirahisi kuliko gesi nyingine?

Ni kweli. Haidrojeni ni nyepesi kuliko gesi zote, na molekuli yake ni miongoni mwa ndogo kabisa. Ufa ambao gesi asilia ingepita kwa tabu, haidrojeni huupita bila kusita. Ongeza hapo presha: magari madogo hujazwa kwa bar 700, mabasi na malori mengi kwa bar 350, na matangi ya kituo chenyewe huweza kufika bar 900 na zaidi. Tairi la gari dogo lina bar 2 na kidogo tu. Kwa presha hiyo, mkwaruzo usioonekana kwa macho kwenye uso wa kiungio unatosha kuwa njia.

Hata hivyo, wengine huamini kwamba gesi hii haizuiliki, na hilo si kweli. Kiungio kilichochaguliwa vizuri, kikasafishwa na kukazwa inavyotakiwa, huishikilia kwa miaka. Uvujaji mwingi unaochunguzwa hukutwa umetokana na kazi ya mikono au kifaa kisichofaa, si na gesi kuwa na nguvu za ajabu.

2. Kwa nini haitiwi harufu kama gesi ya kupikia?

Harufu ya gesi ya kupikia hutokana na kemikali zenye salfa, na salfa huua seli za fueli, yaani kile kiungo cha gari kinachogeuza haidrojeni kuwa umeme. Kiwango cha kimataifa cha usafi wa haidrojeni ya magari, ISO 14687, kinaruhusu salfa isiyozidi sehemu 0.004 kwa kila milioni. Kiasi kinachotosha pua kunusa ni kikubwa mno kwa seli hizo.

Maana yake ni kwamba pua na macho yako havitakusaidia. Gesi haina rangi wala harufu, na ikiwaka mchana mwali wake karibu hauonekani. Ndiyo sababu vihisi, yaani vifaa vinavyotambua gesi hewani (swali la 11), na masikio yana kazi kubwa hapa kuliko kwenye kituo cha petroli.

3. Ni hatari kuliko petroli?

Ina hatari za namna nyingine. Haidrojeni huweza kuwaka ikiwa ni kati ya asilimia 4 na 75 ya hewa, ilhali mvuke wa petroli huwaka katika wigo mwembamba, takriban asilimia 1.4 hadi 7.6. Cheche ya kuiwasha pia ni ndogo sana: mchanganyiko ukiwa mzuri, takriban milijuli 0.02 hutosha, na cheche kama hiyo mtu hawezi hata kuihisi kidoleni.

Upande wa pili, gesi hii ni nyepesi kuliko hewa mara 14 hivi. Nje, mahali pa wazi, hupanda na kutawanyika upesi, wakati mvuke wa petroli hulala chini na kutambaa hadi kwenye mifereji. Kwa hiyo swali linalonihangaisha siku zote ni je, ikivuja, ina njia ya kupanda na kwenda zake? Penye njia hiyo, uvujaji mdogo huisha wenyewe. Pasipo na njia, kiasi kidogo huweza kubomoa chumba. Kilo 1 tu iliyotoka kwenye tanki huwa takriban mita 12 za ujazo, na kwa asilimia 4 inatosha kuifanya hewa ya mita 300 za ujazo iweze kuwaka.

## Inavujia wapi, na kwa nini

4. Ni sehemu zipi za kukagua kwanza?

Anza na kila mahali vipande viwili vinapokutana, kisha kila mahali kitu kinaposogea. Viungio vya mabomba, shina la vali, sili (vizibo vya kuzuia gesi kupita) za kompresa, yaani mashine inayoshindilia gesi, mpira wa kujazia pamoja na ncha zake, na nozeli inayochomekwa kwenye gari. Bomba zima lisilo na kiungio huvuja mara chache sana, ndiyo maana wasanifu wazuri hupunguza idadi ya viungio tangu kwenye mchoro. Kiungio ambacho hakipo hakikaguliwi wala hakibadilishwi sili.

Mpira na nozeli ndivyo vinavyoteseka zaidi. Gesi hupozwa hadi karibu nyuzi 40 chini ya sifuri kabla ya kuingia kwenye gari, ili tanki la gari lisipite nyuzi 85 linapojazwa haraka. Kwa hiyo mpira uleule huganda, hupashwa na hewa, hupanda presha hadi bar 700, hushuka, huvutwa, hukunjwa, na mara nyingine huangushwa sakafuni, mara kadhaa kwa siku.

Kwenye kompresa za kiwambo, yaani zinazosukuma gesi kwa bamba jembamba linalopinda, kiwambo huwa na mabamba matatu, na nafasi kati yao imeunganishwa na kipimo cha presha. Bamba moja likipasuka, kipimo hicho huonyesha kabla gesi haijafika nje. Hakikisha kipimo hicho kinafanya kazi na kinaisimamisha kompresa. Nimeona mahali ambapo waya wake ulichomolewa ili kompresa isizime.

5. Kiungio kilifaulu majaribio yote. Kwa nini kianze kuvuja baada ya miezi sita?

Kwa sababu kimefanya kazi. Kompresa hutetema na mtetemo husafiri kwenye bomba hadi kwenye nati. Baridi na joto hupishana, na metali mbili tofauti hazisinyai kwa kiasi kimoja. Oringi, ile pete ya mpira inayoziba kiungio, nayo ina ugonjwa wake: gesi huingia ndani ya mpira wake polepole chini ya presha, na presha ikishushwa ghafla, gesi hiyo hutaka kutoka yote kwa pamoja. Oringi hutoka malengelenge au kupasuka kwa ndani huku kwa nje ikionekana nzima.

Dawa yake ni tatu: kufunga mabomba kwa vishikizo imara ili yasitetemeke, kushusha presha taratibu kila inapowezekana, na kurudi kukagua kwa ratiba. Ukaguzi wa wiki za kwanza baada ya kituo kuanza kazi huzaa matunda kuliko mwingine wowote. Usiuruke.

6. Je, haidrojeni hula chuma?

Haikili kama kutu. Huingia ndani ya chuma na kukifanya kipoteze unyumbufu, kiwe chepesi kupasuka. Vyuma vigumu sana ndivyo vinavyodhurika zaidi, jambo linalowashangaza mafundi waliozoea kwamba kigumu ndiyo imara.

Mfano unaofundishwa sana ni wa kituo cha mabasi cha Emeryville, California, tarehe 4 Mei 2012. Vali ya kuachia presha iliyozidi ilishindwa ikiwa kazini kwa sababu kipande chake cha ndani kilitengenezwa kwa chuma aina ya 440C, kigumu na kisichofaa kabisa kukaa na haidrojeni. Takriban kilo 300 za gesi zilitoka kupitia bomba la kupumulia, yaani la kutolea gesi nje, na kuwaka juu yake. Hakuna aliyeumia. Vali ile ilikuwa kifaa cha usalama, na ndiyo iliyoleta ajali.

Kwa mabomba na viungio, chuma kisichoshika kutu cha aina ya 316L chenye nikeli ya kutosha ndicho kinachotumika sana. Usikubali kipuri "kinachofanana". Dai cheti cha madini yake, tena cha vipande vya ndani pia, kwa maana ndani ndiko gesi ilipo.

## Kazi ya kuzuia

7. Kiungio hukazwaje ipasavyo?

Jibu hili nimelirefusha kwa makusudi, kwa kuwa vituo huokolewa au hupotea hapa.

Kwanza, zima kompresa, funga vali, na toa presha yote. Kamwe usikaze kiungio chenye presha ndani yake, hata kama unasikia kinavuja na robo zunguko ingekinyamazisha. Nati inaweza kukatika mkononi mwako.

Pili, safisha. Futa nyuso zote mbili kwa kitambaa kisichoacha nyuzi, kisha zitazame kwenye mwanga ukizigeuza polepole. Koni ya bomba, yaani ncha yake iliyochongwa, inapaswa kung'aa sawasawa pande zote. Ukiona mstari unaokatiza kutoka ndani kwenda nje, hata uwe mwembamba kama unywele, bomba hilo likatwe na kuchongwa upya. Kukaza zaidi hakutaufuta mstari huo.

Tatu, tumia spana inayopima nguvu ya kukaza, iliyohakikiwa, kwa kipimo kilichoandikwa na mtengenezaji. Mkono wa fundi mzoefu unajua mengi, lakini haujui tofauti ya asilimia kumi. Kukaza kupita kiasi huharibu koni, na kukaza pungufu huacha njia.

Nne, chora mstari wa rangi kutoka kwenye nati hadi kwenye mwili wa kiungio. Mstari ukikutwa umevunjika siku nyingine, nati imezunguka. Mkaguzi huona hilo kwa kupita tu na tochi.

Tano, mtu wa pili ahakiki na kusaini. Tarehe 10 Juni 2019 kituo cha Kjørbo, Sandvika, nje kidogo ya Oslo, kililipuka. Uchunguzi uligundua kwamba baadhi ya bolti za kizibo cha tanki la presha kubwa hazikuwa zimekazwa inavyotakiwa wakati wa kuunganishwa. Uvujaji ulianza mdogo, ukala sili, kisha kizibo kikanyanyuka na gesi nyingi ikatoka na kuwaka. Wimbi la mlipuko lilifungua mifuko ya hewa ya gari lililokuwa jirani na kuwaumiza kidogo waliokuwamo. Tanki lilikuwa zuri na mchoro ulikuwa mzuri. Baada ya hapo mtengenezaji alianzisha utaratibu wa bolti kukazwa mbele ya shahidi na kuwekewa alama.

8. Povu la sabuni linatosha kupima?

Linatosha kama hatua ya kwanza, kwenye kiungio kisicho cha baridi na kwa presha ya chini. Tumia sabuni iliyotengenezwa kwa kazi hiyo. Ya kuoshea vyombo huweza kuacha chumvi zinazodhuru chuma. Subiri dakika kadhaa, maana uvujaji mdogo huzaa vipovu vidogo vyeupe vinavyojikusanya polepole. Uvujaji mkubwa, kinyume chake, hulipeperusha povu ukadhani hakuna kitu.

Kwa mtambo mpya au uliofunguliwa, kuna njia nzuri zaidi: jaza nitrojeni yenye haidrojeni asilimia 5, mchanganyiko usioweza kuwaka, halafu pitisha kihisi cha mkononi kwenye kila kiungio. Heliamu pia hutumika. Kisha panda hatua kwa hatua hadi presha ya kazi, ukisimama na kupima kila hatua. Viungio vingi vya presha kubwa vina tundu dogo ubavuni, la kuonyesha uvujaji. Weka kihisi hapo, na usikubali tundu hilo lizibwe kwa rangi.

9. Kwa nini nitrojeni ipitishwe kabla ya gesi na kabla ya matengenezo?

Ili hewa na haidrojeni zisikutane ndani ya bomba. Kabla ya kuanza kazi, nitrojeni hufukuza hewa. Kabla ya kufungua, hufukuza haidrojeni. Pima kwa kifaa kwamba imekwisha kutoka, usihesabu dakika tu. Nayo nitrojeni hunyima pumzi bila dalili, kwa hiyo usiitolee kwenye chumba kilichofungwa.

10. Mpira wa kujazia ubadilishwe lini?

Kwa idadi ya ujazaji au muda uliotajwa na mtengenezaji, chochote kitakachotangulia, na papo hapo ukiona lengelenge, mchubuko unaoonyesha nyuzi za ndani, au mkunjo uliokataa kunyooka. Mpira hauponi. Kuuzungushia utepe ni kuficha ushahidi.

## Kugundua

11. Vihisi viwekwe wapi?

Juu. Haidrojeni hupanda, kwa hiyo mahali pake ni chini kabisa ya paa, kwenye kilele cha chumba cha kompresa, juu ndani ya kabati la pampu. Vihisi vya gesi ya kupikia hufungwa karibu na sakafu, na mara nyingine fundi aliyetoka kwenye kazi hizo hurudia mazoea. Kagua hilo siku ya makabidhiano.

Mahali pa wazi penye upepo, kihisi cha gesi kinaweza kukosa wingu lililopeperushwa. Hapo ongeza vifaa vinavyosikiliza mlio wa juu wa gesi inayotoka kwa presha, ambao sikio la binadamu halisikii, na vinavyotambua mwali kwa mionzi yake. Kila aina huziba pengo la nyingine.

12. King'ora kilie kwenye kiwango gani?

Vituo vingi hutoa onyo kwenye robo ya kiwango cha chini cha kuwaka au chini yake, yaani haidrojeni isiyozidi asilimia 1 ya hewa. Gesi ikishafika kiwango cha kuzima, vali zijifunge na kompresa isimame zenyewe, bila kumngoja mtu.

13. Kihisi kinalia ovyo. Tukizime kwanza?

Hapana. Funga eneo, pima kwa kifaa cha mkononi, halafu tafuta sababu. Aina fulani za vihisi huchanganywa na monoksidi ya kaboni kutoka kwenye injini iliyo karibu. Nyingine hufanya baya zaidi, huacha kulia kabisa: vihisi vinavyotumia kichocheo hupofushwa na mvuke wa silikoni, ule wa kwenye dawa za kupulizia za kulainisha. Kwa sababu hiyo vipimwe kwa gesi halisi ya majaribio kwa ratiba. Taa ya kijani inakuambia tu kwamba kuna umeme.

## Kwa dereva na mhudumu

14. Nasikia "fsss" mwisho wa kujaza. Inavuja?

Mlio mfupi wa sekunde moja au mbili ni wa kawaida. Kabla ya nozeli kuachia, gesi iliyobaki kwenye mpira huondolewa kupitia bomba la kupumulia. Mlio unaoendelea, au unaotoka kwenye nozeli wakati wa kujaza, si wa kawaida: nenda swali la 17.

15. Nozeli imeganda kwenye gari. Niivute?

Usiivute, usiigonge, usiimwagie maji ya moto. Unyevu wa hewa umeganda kwenye chuma kilichopozwa. Subiri dakika chache iyeyuke. Vituo vingine hupuliza nitrojeni au hewa kavu kusaidia. Kuinyonga nozeli kwa nguvu hukwaruza sili, na mteja wa tano baada yako ndiye atakayekuta inavuja. Kabla ya kuichomeka, futa unyevu na vumbi kwenye mdomo wa tanki. Kitambaa kikavu kiwe kimetundikwa pale pale kwenye pampu.

16. Dereva akiondoka mpira ukiwa bado umechomekwa?

Kuna kiungio kilichotengenezwa kukatikia hapo, na pande zote mbili hujifunga. Magari mengi pia hukataa kuondoka kifuniko cha tanki kikiwa wazi. Baada ya tukio, hata kama kiungio kimerudishwa vizuri, pampu ibaki imefungwa hadi mpira, nozeli na kiungio chenyewe vikaguliwe na kupimwa upya.

## Ikivuja

17. Nimesikia mlio au king'ora. Nifanye nini?

Bonyeza kitufe cha dharura. Ondoa watu kwa miguu, wakielekea upande upepo unakotoka. Magari yasiwashwe. Usirudi kufunga vali kwa mkono, kwani mfumo umeshafunga, na kama haujafunga, kuwapo kwako pale hakutaufanya ufunge. Piga simu zima moto ukiwa mbali, na uwaambie neno haidrojeni na presha ya matangi.

18. Nitajuaje kama inawaka ilhali mwali hauonekani?

Kwa kamera ya joto, au kifaa cha kutambua mwali. Mwali huu pia hutoa joto kidogo la kumulika, kwa hiyo ngozi haikuonyi kama ifanyavyo mbele ya moto wa kuni. Unaweza kuingia ndani yake kabla hujahisi. Zamani, wafanyakazi wa NASA, shirika la anga za juu la Marekani, walitembea wakitanguliza ufagio wa majani mbele yao: ufagio ukishika moto, wamejua. Leo usilijaribu hilo, lakini likusaidie kukumbuka kwamba mlio mkali bila moto wa kuonekana huenda ni moto.

19. Kwa nini zima moto hawauzimi mwali mara moja?

Ukiuzima huku gesi bado inatoka, gesi hiyo hujikusanya na huweza kuwaka tena kwa mlipuko. Huiacha iwake, hupoza kwa maji matangi ya jirani, na kukata gesi kutoka kwenye chanzo.

## Hali za pembeni

20. Kituo chetu kina paa. Tulibomoe?

Si lazima. Tazama sehemu ya chini ya paa: boriti zinazoshuka huunda mifuko ambamo gesi hutulia. Paa liwe na mwinamo, sehemu ya juu iwe wazi, na taa zake ziwe za aina isiyotoa cheche. Kwa chumba cha kompresa, feni ziende muda wote, na zikisimama kompresa isimame pia.

21. Haidrojeni ya kimiminika inabadilisha nini?

Mengi. Iko kwenye nyuzi 253 chini ya sifuri. Ikivuja, mvuke wake wa baridi huweza kutambaa chini kwanza kabla ya kupata joto na kupanda, kwa hiyo "juu" ya swali la 11 haitoshi. Pia bomba lisilofunikwa hugandisha hewa yenyewe hadi kuwa matone, na matone hayo yana oksijeni nyingi kuliko hewa. Yakidondokea kwenye lami huweza kuzaa mlipuko, ndiyo maana chini ya mabomba hayo huwekwa zege. Kimiminika kilichozibwa kati ya vali mbili kitapata joto na kupasua bomba, hivyo kila kipande kati ya vali kiwe na vali yake ya usalama.

22. Uvujaji mdogo usiofikia kiwango cha kuwaka, tuuvumilie?

Usivumiliwe kwenye kiungio. Kule Kjørbo pia ulianza mdogo. Kuna sababu nyingine isiyohusu moto: haidrojeni hewani hurefusha maisha ya methani, gesi inayopasha dunia joto, na tafiti za miaka ya karibuni zinakadiria kuwa kwa miaka 100 athari yake ya kupasha dunia, kilo kwa kilo, ni takriban mara 11 hadi 12 ya kaboni dioksidi. Pima gesi inayoingia kituoni na inayouzwa, toa ile iliyopumuliwa kwa makusudi, na andika tofauti kila mwezi. Tofauti ikikua wakati vihisi vyote viko kimya, chukua kifaa cha mkononi uanze na orodha ya swali la 4.